Mguu wa Baba Mkwe

Tangu aolewe, Angetile hakuwahi kuuona uso wa baba mkwe wake, wala hakutazamia kuuona. Kikohozi chake alikijua vizuri, maana mzee Lutengano alikuwa na adabu ya kukohoa kwa nguvu kabla hajakata kona ya nyumba, ili mkwe apate nafasi ya kukimbilia migombani. Nyayo zake alizijua pia, nyayo za mtu mrefu anayekanyaga kwa uzito, na sauti yake alipokuwa akiwaita ng'ombe, kila mmoja kwa jina lake. Lakini uso, hapana. Wanyakyusa wa zama hizo walikuwa na desturi waliyoiita kutila, yaani kuogopa, na mwanamke aliyeolewa alimtila baba wa mumewe kuliko alivyomwogopa chui. Asimtazame, asimtaje jina, asiingie nyumba aliyomo. Wakikutana njiani, mwanamke alijifunika, akageukia majanini na kuinama mpaka mzee apite. Mwenye kuvunja mwiko huo, walisema, huleta ugonjwa, na ugonjwa huo hauchagui wa kumwangukia.

Heshima ni kitu kizuri, nani atabisha? Ila ipo heshima inayojenga na ipo heshima inayozika, na watu wengi hawazitofautishi mpaka kaburi liwe limeshachimbwa.

Mambo yalianza mwaka ule Wajerumani walipotaka barabara pana ya kushuka Mwaya, kwenye bandari ya ziwa. Kila nyumba ilitakiwa kutoa mtu wa kuchimba mitaro. Aliko, mume wa Angetile, alikuwa amekwisha kuchukuliwa na askari kubeba mizigo ya boma kwenda safari ndefu ya milimani, na hakuna aliyejua angerudi lini. Serikali haikutaka kujua habari za mtu aliye safarini, ilitaka mtu. Basi mzee Lutengano, mvi kichwani, akachukua jembe lake akaenda kuchimba pamoja na vijana, na kwa vile alikuwa na kiburi cha ujana uliopita alichimba kwa ubishi kuliko wote. Ndipo jembe la jirani lilipoteleza kwenye tope likamgusa muundi wa mguu.

Kumgusa tu. Kidonda chenyewe kilikuwa kidogo kama punje ya haragwe, damu haikujaza hata kiganja. Mzee alirudi nyumbani Ipinda akicheka, akimsimulia mkewe Tusekile jinsi jirani alivyotaka kumkata mguu ili amrithi ng'ombe. Kisha akainama zizini, akachota mavi ya ng'ombe mabichi, akakandika kile kidonda, akafunga kwa jani la mgomba. Mambo yakaisha. Wewe usicheke. Nyumba ya Mnyakyusa ilikuwa safi mpaka wageni wakashangaa, na usafi wake wote ulitoka kwenye samadi. Sakafu ilipakwa samadi ikang'aa, kizizi cha ndani kilifagiliwa kila asubuhi, na ng'ombe walilala chini ya dari moja na watu wao. Kwa mzee kama yule, kuambiwa kwamba samadi ni uchafu ni sawa na kuambiwa kwamba maziwa ni sumu.

Angetile hakuwa akiishi hapo. Kama desturi ilivyotaka, vijana walijenga kijiji chao mbali na baba zao, na yeye na Aliko walikuwa ng'ambo ya kijito. Ila kila asubuhi alivuka kuja kumsaidia mama mkwe kulima na kupika, akikaa kwenye kibanda cha jiko nyuma ya nyumba, mahali ambapo mzee hakukanyaga. Hapo ndipo Tusekile alipomsimulia habari za jembe, akicheka naye kama mumewe alivyocheka.

Angetile hakucheka. Kabla ya kuolewa alikuwa amekaa misheni miaka kadhaa, akimsaidia mama mmoja wa Kizungu aliyeuguza vidonda barazani. Watu walifika kila asubuhi na miguu iliyotobolewa na funza, na vidole vilivyokatwa na panga, na magoti ya watoto. Kazi ya Angetile ilikuwa kuchemsha maji na kuchana vitambaa, lakini macho hayana pazia, alitazama, akajua. Maji yachemke, kisha yapoe yakiwa yamefunikwa, yatiwe chumvi kidogo. Anayeosha aoshe mikono yake kwanza, hata kama anaiona safi. Kidonda kioshwe mpaka mchanga na takataka zote zitoke, na damu ikichuruzika kidogo si neno. Halafu kifungwe kwa kitambaa kilichochemshwa na kuanikwa juani, na kitambaa hicho kibadilishwe kila siku. Wekundu ukitambaa, mahali pakawa pa moto, usaha ukatoka, mtoki ukavimba kinenani, hapo usingoje.

Na lilikuwapo jambo jingine alilolijua. Alimwona pale barazani mpagazi mmoja aliyechomwa mguu na kijiti, kidonda cha kupuuza kabisa, akafa meno yake yakiwa yameumana na mgongo umepinda kama upinde. Pepopunda. Mama wa misheni alimwambia kwamba ugonjwa ule hukaa kwenye udongo na kwenye mavi ya wanyama, na hupenda kidonda kilichozibwa kisipate hewa. Kwa hiyo aliposikia habari za jani la mgomba na kilichokuwa chini yake, Angetile aliacha kumenya ndizi.

Aliko angekuwapo, kazi ingekuwa rahisi. Mwana angemwosha baba yake na maneno yangekwisha. Sasa ilibaki njia moja tu, ya mama mkwe. Angetile akamweleza Tusekile yote, taratibu, kwa kupitia pembeni, kwa sababu hata kuutaja mguu wa mzee kulikuwa karibu sawa na kuutazama. Alisema "pale palipoguswa na jembe". Tusekile alikuwa mama mwenye moyo laini na masikio mazuri. Angetile akautoa mguu wake mwenyewe, ambao siku hiyo alikuwa ametoa funza kisiginoni, akamwonyesha juu ya kile kitundu namna ya kuosha na kufunga. Tusekile akafanya kwa mikono yake, mara ya kwanza vibaya, mara ya pili vizuri. Angetile akachana nguo yake nyeupe ya marekani aliyopewa misheni siku ya kuagwa, nguo pekee nzuri aliyokuwa nayo, akachemsha vipande vyake na kuvianika uani.

"Ndaga, mwanangu," Tusekile alimshukuru, akachukua chungu cha maji na kitambaa, akaingia ndani.

Kuanzia hapo kila asubuhi ilikuwa na mwendo wake. Angetile alivuka kijito, akasalimia "Ugonile, mama," akachemsha maji, akayaacha yapoe, akampa mama mkwe. Naye Tusekile alitoka baadaye na kitambaa cha jana mkononi, akakianika uani. Angetile alimuuliza kama ameosha, akajibiwa ameosha. Alimuuliza mzee anasemaje, akajibiwa hasemi kitu. Na kitambaa chenyewe kilimpa faraja kuliko maneno, kwa maana kilitoka kilivyoingia, cheupe, bila doa.

Hapo ndipo Angetile alipokosea, na afadhali tuseme waziwazi. Kidonda kinachopona huacha alama kwenye kitambaa: damu kidogo, maji ya manjano kidogo, duara linalopungua siku hadi siku. Alilijua hilo vizuri mno. Lakini mtu anayetamani habari njema hachimbi sana asije akakuta mbaya. Isitoshe alikuwa na majivuno yake, madogo, ya kusameheka. Alijiambia kwamba kidonda kimekauka upesi kwa sababu yeye amefundisha vizuri. Jioni alipokuwa akivuka kijito kurudi kwake alikuwa akiimba wimbo wa kanisani, akifikiria jinsi atakavyomsimulia Aliko kwamba alimponya baba yake bila kumwona.

Kisha kikohozi kikanyamaza. Asubuhi moja Angetile aliona alama za mzee kwenye tope la njia ya zizini, na mguu mmoja ulikuwa umeburutwa. Alipouliza, Tusekile alisema mzee analalamika shingo, kwamba imekakamaa, bila shaka ni ule ubishi wa kuchimba mtaro na vijana. Amemkanda kwa mafuta. Kesho yake ndizi zilirudi jikoni nzima kama zilivyokwenda. Tusekile alisema mzee anaumwa mataya. Alisema hivyo akiwa amempa Angetile kisogo, akikoroga chungu ambacho hakikuwa na kitu cha kukorogwa.

Angetile aliyakumbuka meno ya yule mpagazi. Akamwambia mama mkwe kwamba anataka kuuona mguu.

Tusekile akaziba mdomo kwa kiganja. Neno lile lilikuwa zito kuliko matusi. Akasema haiwezekani, mzee atakufa kwa aibu kabla hajafa kwa ugonjwa, na wewe tumbo lako litafungwa usizae, na Aliko akirudi nitamwambia nini. Angetile hakubishana. Aliizunguka nyumba kwa macho, akaona kwamba ukuta wa nyuma ulikuwa wa mianzi iliyosimamishwa na kufungwa kwa kamba, na udongo wake ulikuwa umekwisha kudondoka kwa chini. Akasema kwamba mianzi michache ikitolewa, mguu peke yake unaweza kupita nje. Uso utabaki ndani. Mguu si uso.

Tusekile aliingia, akakaa ndani kwa muda mrefu. Angetile alisikia sauti ya mzee, nzito, ikipita kati ya meno yasiyofunguka. Hakuyafahamu maneno. Mama mkwe alipotoka alisema mzee amekubali, ila mkwe ajifunike kichwa na asitamke neno. Mtu haachi heshima ya maisha mazima bure. Mzee Lutengano alikuwa ameanza kuogopa.

Wakaitoa mianzi. Mguu ukatoka polepole, ukiongozwa na mikono ya Tusekile kutoka ndani, ukalazwa juu ya jani bichi la mgomba. Ulikuwa mguu mrefu, mwembamba, wenye kovu la zamani gotini. Angetile alipiga magoti, kichwa kimefunikwa, akautazama kwanza kwa woga wa kimila. Kisha woga wa kimila ukaondoka, ukaja mwingine. Juu ya muundi palikuwa na kitambaa cha marekani, cheupe, kimefungwa vizuri kama alivyofundisha. Akakifungua. Chini yake palikuwa na jani la mgomba, na chini ya jani samadi, iliyokauka ikawa ngumu kama kigae, imeshindiliwa ndani ya kidonda, na juu yake nyingine mpya ya asubuhi ile.

Tusekile alikuja akizunguka nyumba, akaona kilichofunuliwa, akakaa chini palepale kwenye matope.

"Alijua tangu siku ya kwanza," alisema. "Aliniuliza tangu lini nimejua dawa ya misheni. Akasema mkono wa mkwe wake haumgusi, hata ukipitia mkononi mwangu. Ningefanya nini, mwanangu? Nilimwaga maji nyuma ya kitanda. Vitambaa nilivifunga juu ya jani ili usiumie moyo."

Angetile alitaka kumpiga mama yule na alitaka kumkumbatia, na hakuwa na muda wa lolote kati ya hayo mawili. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, lakini hawakusema lolote juu ya anayeficha maradhi ya mwenziwe kwa upendo. Akaosha mikono. Akalowanisha lile gamba kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi mpaka likalainika, akalibandua, akatoa vipande vya majani makavu kimoja kimoja, akamimina maji tena na tena mpaka yakatoka maangavu. Na kilichomchoma roho ni kwamba kidonda kilikuwa bado kidogo. Hakikuwa kimeoza. Pembeni palikuwa na wekundu mwembamba tu, usaha kidogo ndani. Kwa mtu asiyejua, kilikuwa kidonda cha kuchekwa.

Akaanza kutumaini. Tusekile, katika kuinuka kumsaidia, akaangusha mfuniko wa chungu, ukagonga jiwe.

Mguu ukaruka. Ukakakamaa wote kuanzia gotini, misuli ikasimama chini ya ngozi, kisigino kikachimba udongo, na kutoka ndani ya nyumba ikaja sauti ambayo Angetile alikuwa ameisikia mara moja tu maishani, kwenye baraza ya misheni. Alingoja mguu ulegee. Haukulegea upesi. Ulipolegea aliufunga kwa kitambaa safi, kwa uangalifu uleule wa siku zote, huku machozi yakidondoka juu ya kazi yake, kwa kuwa alijua sasa anaosha mahali ambapo ugonjwa umeshapita.

Habari zikatembea. Ndugu wakaja, na wa kwanza wao alikuwa Asegelile, mdogo wa mzee Lutengano, mtu mpole, mwenye sauti ya kusikilizwa. Huyu naye kwa Angetile alikuwa baba mkwe kama yule wa ndani. Angetile alimtila huyu pia, akakimbilia jikoni. Kutoka jikoni alimtuma Tusekile na maagizo: pawe giza, mkeka utundikwe mlangoni, watu wasimguse, wasiseme kwa sauti, apewe maji kwa matone. Maagizo hayo yalikuwa kinyume cha kila walichokijua. Mgonjwa huachwaje peke yake gizani, kama mchawi? Wanawake wa ukoo waliingia kwa vilio kama ilivyopasa, na kila kilio kilimpinda mzee upya. Walipoona vile wakalia zaidi. Angetile alikuwa akisikia yote, amekaa kwenye majivu, ameziba masikio kwa viganja vyake.

Asubuhi zilizofuata aliendelea kuosha mguu kupitia pale ukutani. Hakuna aliyemkataza, mzee hakuwa tena na mdomo wa kukataza. Kidonda kilianza kukauka. Kikavuta ngozi mpya kutoka kando, nyembamba, ya rangi ya waridi. Hata Angetile mwenyewe alikichukia kwa jinsi kilivyopona vizuri.

Siku ya mwisho mvua ilikuwa kubwa na ndugu walikuwa wamejikinga kwenye nyumba za jirani. Tusekile alikuwa peke yake na mumewe ndani. Mshtuko ulikuja mrefu kuliko yote, na Angetile, aliyekuwa nje amechuchumaa chini ya paa akiushika ule mguu, akausikia ukivutwa kutoka mikononi mwake.

"Mwanangu, ingia," Tusekile alisema kutoka ndani. "Siwezi kumshika peke yangu."

Angetile alisimama mvuani. Aliufikiria uzazi wake, na Aliko, na baba yake mzazi kijijini Makwale, ambako wangemrudisha. Kisha akainua mkeka wa mlangoni akaingia.

Kulikuwa na mwanga hafifu uliopitia pale walipotoa mianzi. Alipiga magoti, akamshika mzee kichwa kisigonge gogo la kitanda, na ndipo alipouona kwa mara ya kwanza uso wa baba mkwe wake. Ulikuwa unacheka. Mashavu yamevutwa nyuma, meno yote nje, nyusi juu, kicheko kipana cha mtu aliyesikia mzaha mzuri. Ndivyo pepopunda inavyofanya uso wa binadamu. Lakini macho hayakucheka. Macho yalikuwa mazima, yana akili timamu, na yalimwona. Mzee Lutengano alijua ni nani aliyemshika kichwa. Hakuweza kugeuza shingo, hakuweza kujifunika, hakuweza hata kufumba kope. Chozi lilimtoka likateremka kwenye kile kicheko.

Angetile alitazama pembeni ili kumsitiri, akaendelea kushika. Alisema kwa sauti ya chini, "Nisamehe, taata," yaani baba. Pumzi ya mzee ilikuwa imekamatwa kifuani, nayo haikuachiliwa tena.

Mvua ilipokatika ndugu walirudi, wakamkuta mkwe ndani ya nyumba, maiti mikononi. Walifungua njia, naye akatoka akiwa amejifunika, akaenda kukaa migombani na mgongo wake umewaelekea watu.

Wanawake waliomwosha marehemu walitafuta ugonjwa mwilini mwake, kwa kuwa kifo cha namna ile hakikosi mlango. Walimgeuza, wakamtazama kote. Hawakuona jipu wala uvimbe. Wakautazama ule mguu, wakaona pale palipoguswa na jembe pamekauka, pana ngozi mpya, hapana harufu. Wakaenda kumwambia Asegelile, aliyekuwa ametoka kuchimba kaburi na vijana, kiganja chake kimechubuliwa na mpini.

Asegelile aliwaita watu uani. Hakuwa na hasira. Aliuliza tu, kama mtu anayetaka kuelewa.

"Kidonda kimepona. Sote tumekiona kimepona. Basi kilichomuua ndugu yangu ni nini?"

Watu wakageuka kutazama migombani. Angetile aliyasikia macho yao mgongoni. Ni kweli kidonda kilikuwa kimepona. Alikiponya yeye, kwa maji na chumvi na nguo yake ya kuagwa, na sasa kilisimama pale kama shahidi dhidi yake.

Tusekile akainuka. Huyu mama, aliyenyamaza ilipofaa kusema, alisema sasa mbele ya ukoo mzima. Alisema kila kitu: samadi, maji aliyoyamwaga nyuma ya kitanda, vitambaa alivyovifunga juu ya uchafu ili mkwe asiumie moyo. Alisema mkwe aliingia ndani wakati mtu ameshakufa nusu, na aliingia kwa kuitwa. Kama yupo aliyemuua mzee, alisema, ni mimi na yeye mwenyewe.

Walimsikiliza hadi mwisho kwa heshima. Kisha Asegelile akatikisa kichwa kwa huruma, akamwambia amechoka, na kwamba ni jambo jema mama kumpenda mkaza mwanawe kiasi hicho. Lakini samadi? Nani hapa hakuzaliwa juu ya samadi, nani hakulala nayo, nani hakuipaka kwenye kidonda akapona? Akainama palepale, mahali ng'ombe walipopita, akachota mbichi, akajikandika kwenye kile kiganja kilichochubuka, akaishindilia vizuri, akauinua mkono watu wauone.

"Haya, nami nife," alisema, na baadhi ya watu wakatabasamu katikati ya msiba.

Angetile aligeuka. Akasimama, akauvua mtandio kichwani, akamtazama baba mkwe wake wa pili usoni, mchana kweupe, mbele ya wote.

"Taata, nakuomba kaoshe mkono huo. Uoshe sasa hivi."

Asegelile aliyakwepa macho yake haraka, kama aliyemwagiwa maji ya moto, akawageukia watu. Hakuhitaji tena kuwashawishi. Aliwaambia wamejionea wenyewe, wamesikia wenyewe, mwiko uliovunjwa ndio uliomuua mzee. Akaagiza mkwe arudishwe kwa baba yake Makwale kabla jua halijatua, naye Aliko akirudi ataelezwa. Kisha akachukua jembe kwa mkono uleule akarudi kumalizia kaburi.

Angetile hakuondoka mara moja. Aliingia jikoni, akapuliza moto, akateka maji, akayachemsha, akayafunika yapoe, akatia chumvi. Akakiweka chungu kando ya njia ya makaburini, pamoja na kipande cha mwisho cha marekani, akakaa hapo kungoja. Watu walipita wakienda kuzika na wakapita tena wakirudi, na kila aliyemfikia alijifunika, akageukia majanini mpaka ampite. Asegelile alipita katikati yao, samadi imemkaukia kiganjani. Maji yalikuwa yameshapoa.